Juzuu ya nne imenivunja moyo: mwandishi ametusaliti, au nimebadilika mimi?

"Hujambo Mwalimu. Nina miaka 29, naishi Buruburu. Mfululizo huu nilianza kuusoma nikiwa kidato cha pili, kitabu kikizunguka bweni zima hadi jalada likatoka. Juzuu ya tatu ilitoka miaka minane iliyopita, na tangu hapo nimekuwa nikiingoja ya nne. Mwezi jana nikaipata mjini kwa muuzaji wa kando ya barabara, shilingi 700, wakati madukani ni 2,400. Nimeimaliza kwa siku tatu na nimebaki na hasira tupu. Binti wa Mhunzi anapoteza moto wake mapema kabisa, halafu nusu ya kitabu anachunga mbuzi. Nahodha, tuliyempenda kuliko wote, yuko gerezani, nageuza ukurasa tayari watu wanamlilia, hata kwaheri hakuna. Mfalme aliyekufa juzuu ya kwanza amerudi mzima. Na kuna wahusika wapya sita ambao sina haja nao. Nilimlilia Nahodha, mume wangu akanicheka. Kwenye kundi letu la WhatsApp wote wanasifu; nilipolalamika binamu yangu akasema nimezeeka, fantasia si saizi yangu tena, na hatusemezani hadi leo. Mitandaoni ni nyota tano tupu, naona zimenunuliwa. Kuna ombi linazunguka la kumtaka mwandishi aandike upya, nitie sahihi? Amewasaliti wasomaji, au ni mimi nimebadilika? Niviuze vitabu vyote vinne? Na ya tano, ya mwisho, niisome kweli? Tafadhali usitaje jina la mfululizo, kuna wenzangu hawajamaliza."

Dada yangu, kabla hatujafika kwenye usaliti, chukua hicho kitabu ukifungue ukurasa wa 384, kisha utazame nambari ya ukurasa unaofuata. Nakala yangu inasema 385. Yako nashuku inasema 417.

Nashuku hivyo kwa maelezo yako mwenyewe. Unasema Nahodha alikuwa gerezani, ukageuza ukurasa, ukakuta analiliwa. Katika nakala yangu, gereza linaishia 384, na kati ya hapo na matanga kuna sura nzima. Nahodha anatolewa alfajiri, Binti wa Mhunzi anamfikia, wanazungumza. Sitakuambia wanasema nini. Ila kwaheri unayoililia ipo, tena ndefu, na kwa maoni yangu hakuna kurasa zilizoandikwa vizuri zaidi katika juzuu zote nne.

Inawezekanaje zipotee? Kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Mtambo huchapa karatasi pana yenye kurasa nyingi pande zote mbili, mara nyingi 16 au 32 kwa jumla, kisha karatasi hiyo hukunjwa. Mikunjo hupangwa kwa mfuatano, hushonwa au hugundishwa mgongoni, ndipo jalada huvikwa. Mpangaji akiruka, haukosekani ukurasa mmoja, unakosekana mkunjo mzima. Kiwanda makini hukagua mfuatano kabla ya gundi. Anayechapa nakala bandia, akikimbizana na wiki za kwanza ambapo kila mtu anakitaka kitabu, hana subira hiyo. Tazama na ishara nyingine: picha ya jalada iliyofifia, herufi zilizovimba wino, mistari inayopinda karibu na mshono kwa sababu ilinakiliwa kutoka kitabu kilichofunguliwa. Shilingi 700 kwa kitabu kipya cha 2,400 nayo ni ishara, ingawa si ushahidi, maana wapo wauzaji wa barabarani wenye mali halali ya mitumba.

Sikusemi kwa bei. Najua 2,400 ni nini mwezi ukiwa umefika tarehe ishirini. Lakini ona hasara ya pili ya nakala bandia, ambayo wachapishaji wetu wakilalamika huwa hawaitaji: mwandishi anakosa pesa yake, halafu anabebeshwa lawama ya kosa asilolifanya. Wewe umemhukumu kwa kurasa ambazo hukupewa.

Usinunue nakala nyingine kwanza. Muuzaji wako mrudishie kitabu mkononi, umwonyeshe pengo. Wengi hubadilisha bila ubishi kwa sababu wanategemea wateja wa kila siku. Au tafuta mwenye nakala halali akuazime jioni moja. Binamu yako anayo? Muulize. Ujumbe wa "naomba kurasa 385 hadi 416" ni rahisi kuuandika kuliko "nisamehe", na unaweza kufanya kazi ileile.

Hilo limeondoa lalamiko moja. Matatu yamebaki, na hayana uzito sawa.

Mwandishi wa fantasia ana deni ambalo mwenzake wa riwaya ya kawaida hana. Mhusika akipanda matatu Buruburu akashukia mjini, hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini hakupaa. Sheria za dunia hiyo sote tunaishi chini yake. Wa fantasia anatuomba tuamini dunia aliyoiunda mwenyewe, na anatulipa kwa kuifanya iwe na sheria zisizovunjwa: uchawi una mipaka, una gharama, na aliyekufa, kama alisema hafufuki, hafufuki. Akizivunja kwa sababu amekwama, ametusaliti. Lakini akizifuata hadi mahali ambapo hatukutaka afike, hajatusaliti. Ametuumiza tu, na hiyo ni haki yake. Kwa hiyo kila lalamiko lipime hivi: kimevunjwa kitabu, au limevunjwa tumaini langu?

Tuanze na Binti wa Mhunzi na moto wake. Rudi juzuu ya kwanza, pale mwalimu wake anapomwonya kwamba moto hula aliyeushika. Juzuu ya pili akapoteza uwezo wa kunusa. Juzuu ya tatu akasahau sauti ya mama yake, na sisi tukapita haraka kwa sababu vita vilikuwa vinanoga. Bili ilikuwa ikiandikwa muda wote. Juzuu ya nne imeileta mezani. Kuhusu mbuzi nakubali kwamba sura mbili zingepunguzwa na mhariri mwenye mkasi mkali, lakini moto kuzimika si usaliti. Ulipandwa kitabu kizima kabla hujamaliza sekondari.

Haya yamewahi kutokea, na kwa mwandishi mkubwa. Ursula Le Guin alitoa juzuu ya kwanza ya mfululizo wake wa fantasia, Earthsea, mwaka 1968, ya pili 1971 na ya tatu 1972. Mwishoni mwa ya tatu, mchawi wake mkuu, Ged, anatumia nguvu zake zote kuziba ufa kati ya walio hai na wafu. Wasomaji walifunga kitabu wakiwa na picha ya shujaa akiondoka mgongoni mwa joka. Ikapita miaka 18. Mwaka 1990 ikatoka ya nne, Tehanu, na humo Ged ni mtu wa makamo asiye na uchawi wowote, amechoka, ana aibu, anafika kwenye shamba la mjane anayelea mtoto aliyechomwa moto. Wapo waliokasirika kabisa. Walitaka mchawi, wakapewa mzee wa kuchunga mbuzi. Ndiyo, naye alichunga mbuzi. Lakini nguvu zake hazikuchukuliwa mwaka 1990. Zilikwisha mwaka 1972, mbele ya macho ya kila msomaji. Kilichokuwa kipya ni kwamba mwandishi alikuwa amekaa akajiuliza mtu wa namna hiyo anaishije kesho yake, na wanawake wa dunia ile walikuwa wapi wakati wanaume wakipaa na majoka. Kitabu hicho kilipata tuzo ya Nebula, na wapo wanaokipenda leo ambao hawakukivumilia walipokuwa vijana.

Sasa Mfalme. Hapa dada niko upande wako, wala sitalainisha maneno. Juzuu ya kwanza ilisema wafu hawarudi, ikalisema mara mbili, na huzuni yote ya juzuu ya pili imejengwa juu ya sentensi hiyo. Kumrudisha Mfalme akiwa na ndevu zake zilezile, kwa maelezo ya aya moja kuhusu kisima ambacho hatujawahi kukisikia, ni kuvunja sheria. Mwandishi hakuwa na adui wa kutosha kwa juzuu ya tano, akaenda makaburini kumtafuta. Anaweza kulitengeneza bado. Tolkien alipokuwa anaandika The Lord of the Rings aligundua kwamba pete aliyoiweka ndani ya The Hobbit ya mwaka 1937 haiwezi kuwa ile pete ya maangamizi, kwa sababu katika toleo lile Gollum, kiumbe aliyekuwa nayo, aliiweka iwe zawadi ya mchezo wa vitendawili bila kinyongo. Akaiandika upya sura hiyo, ikatoka hivyo katika toleo la 1951, kisha akadai ile ya kwanza ilikuwa uongo wa Bilbo mwenyewe, shujaa aliyeichukua pete. Ufundi wa hali ya juu huo: alikiri ufa, akaugeuza kuwa sehemu ya hadithi. Kama wetu atafanya lolote linalofanana na hilo kwa Mfalme, nitampigia makofi. Akinyamaza, hesabu yako itabaki pale pale, na yangu pia.

Wahusika wapya sita ni maradhi ya kawaida ya juzuu za katikati. Hadithi ndefu huanza na watu wachache njia moja, kisha huwatawanya, na kila aliyetawanywa anahitaji mwenyeji, adui na farasi wake. Baada ya juzuu tatu mwandishi ana nyuzi nyingi mkononi kuliko vidole. George R. R. Martin alitoa vitabu vitatu vya kwanza vya mfululizo wake, A Song of Ice and Fire, 1996, 1998 na 2000. Alikusudia kuruka miaka mitano ndani ya hadithi, akaona haifai, akaacha. Kilichofuata kikawa kinene hadi kikagawanywa viwili, si kwa wakati bali kwa wahusika, na kilichotoka 2005 hakikuwa na sura hata moja ya Jon, Tyrion wala Daenerys, wahusika waliopendwa sana. Fikiria umengoja miaka mitano halafu wale watatu hawapo. Kitabu cha pili cha mgawanyo huo kilitoka 2011. Sikuambii hili ili umvumilie wetu. Nakuambia ujue kwamba wale sita si dharau kwako. Ni mtu aliyejenga nyumba kubwa kuliko uwezo wake wa kuifagia. Wawili kati yao, yule mpima ardhi na dada yake, naamini watakuwa na kazi ya maana. Wanne waliobaki ningewaondoa.

Kisha kuna miaka minane. Hukuwa umekaa bure miaka hiyo. Kundi lenu liliandika nadharia, mkabishana nani ni mtoto wa nani, mkamwoza Nahodha mara kadhaa bila idhini ya mwandishi. Kufikia mwezi jana ulikuwa na juzuu ya nne yako kichwani, iliyokamilika, isiyo na mbuzi. Hakuna kitabu cha karatasi kinachoshindana na hicho, kwa sababu hicho hakijawahi kulazimika kueleza mtu alifikaje kutoka mji mmoja hadi mwingine. Ndiyo maana usomaji wa kwanza baada ya kungoja sana ni shahidi dhaifu: unasoma ukitafuta kitabu kingine ndani ya hiki. Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya za Kiswahili, hakutusumbua hivi. Muhammed Said Abdulla alitupa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960 na Kosa la Bwana Msa mwaka 1984, na katikati vingine kadhaa, lakini kila kisa kilifungwa humo humo. Ulipomaliza, hukudaiwa wala hukudai. Mfululizo wa fantasia wa siku hizi unakopa kwako kuanzia ukurasa wa kwanza, na riba hupanda.

Nyota tano sidhani zimenunuliwa, angalau si nyingi. Wanaomaliza kitabu cha kurasa mia saba ndani ya wiki ya kwanza ni wale waliokiagiza mapema, wakaomba ruhusa kazini, wakalala nacho. Wengi wao walishaamua kukipenda. Wasomaji wa polepole, wenye mashaka, na waliokitupa ukurasa wa mia mbili bado hawajasema. Ngoja miezi michache uone wastani ukishuka kidogo.

Na kuzeeka? Binamu yako amekosea. Shaaban Robert aliandika Adili na Nduguze, 1952, kitabu chenye majini na ndugu wawili waliogeuzwa manyani, na hakuwa akiwaandikia watoto peke yao. Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila, 2002, inamsafirisha msomaji katika ulimwengu wa ajabu ili kumwonyesha siasa za dunia hii. Umebadilika, ndiyo. Kidato cha pili ulimsoma Binti wa Mhunzi kama mtu unayetaka kuwa yeye. Leo una kodi ya nyumba, na kumwona akipoteza kazi aliyoijua na kuanza upya kunakugusa mahali pengine. Huenda hata ndiyo sababu zile sura za mbuzi zimekuudhi kiasi hicho.

Machozi yako hayahitaji utetezi mrefu. Nahodha ulimjua kabla hujamjua mume wako. Mwambie hivyo, uone kama atacheka tena. Watu wamelia kwenye utenzi wa Liyongo, wakijua mwisho wake tangu utotoni. Ila nisikilize hapa: kama majuma yanapita na bado hulali, huli vizuri, kazi inakushinda, au ukijichunguza unaona unayemlilia si Nahodha bali mtu wako halisi uliyempoteza, basi jambo hilo limeshatoka mikononi mwa mwalimu wa fasihi. Muone mshauri nasaha ana kwa ana, au anza na daktari wa kliniki iliyo karibu nawe akuelekeze. Si aibu, na huhitaji kueleza kitabu kizima ili usaidiwe.

Ombi la kuandikwa upya usilitie sahihi. Si kwa sababu shinikizo halifanyi kazi. Arthur Conan Doyle alimuua Sherlock Holmes mwaka 1893, wasomaji wakamsumbua, mwaka 1901 akaanza kutoa kisa kilichotangulia kifo hicho, na 1903 akamrudisha kabisa. Lakini aliweza bila kuvunja sheria kwa sababu alikuwa hajatuonyesha mwili. Wetu ametuonyesha matanga. Ombi hilo linamtaka amfufue Nahodha, yaani afanye tena kosa lilelile la Mfalme, safari hii kwa kutufurahisha. Ukitaka kumwandikia, mwandikie barua fupi kuhusu Mfalme pekee, bila matusi. Wahariri huhesabu barua za namna hiyo.

Kuviuza vitabu vyote vinne ni haraka. Ya nne, kama ni bandia, usimuuzie mtu. Utamuuzia na pengo. Kati ya tatu za kwanza kuna iliyoishi bwenini hadi ikavua jalada. Pesa utakayopata haitafika nauli ya wiki. Ziweke. Soma kurasa 32 zilizokosekana, kaa wiki chache bila kundi la WhatsApp, halafu usome upya juzuu ya nne peke yake, bila kulinganisha. Kundi hilo nalo lina tatizo: ujumbe unaingia saa tano usiku, mtu anajibu akiwa kitandani, na aliyesema kwa utani anasomwa kwa ukali. Mkutane. Maktaba ya Makadara haiko mbali nanyi, ni tawi la maktaba ya McMillan ya mjini, na Jumamosi asubuhi watu watano wenye kitabu kimoja hawahitaji zaidi ya meza. Binamu yako akiwa upande wa pili wa meza hiyo hataweza kukuambia umezeeka bila kucheka.

Juzuu ya tano ningeisoma, lakini nisingeilipia kwanza. Iazime. Na usiwe na uhakika kwamba itakuwa ya mwisho. Le Guin aliita Tehanu kitabu cha mwisho cha Earthsea, na mwaka 2001 akatoa vingine viwili. Robert Jordan, mwandishi wa mfululizo wa The Wheel of Time, alipofariki 2007 alikuwa ameahidi kitabu kimoja cha kumalizia. Brandon Sanderson alipopewa kazi hiyo ikawa vitatu, 2009, 2010 na 2013. Mwandishi wetu naye, akiwa na Mfalme hai na wahusika sita wasio na kazi, ana hesabu nyingi za kufunga. Kama kufikia sura ya kumi hajasema neno la maana kuhusu kile kisima, kirudishe ulikokiazima, na hakuna atakayekuwa na haki ya kukuuliza.